Printa ya Chumba cha Pili

Mzee mmoja wa milimani Taita alifariki akaacha wana wawili na ombi moja: siku ya kuzikwa aimbiwe wimbo alioutunga mwenyewe akiwa mgonjwa. Maneno ya wimbo huo alikuwa nayo mwana mdogo, Mwakio, ndani ya laptopu yake inayotumia mfumo wa Linux. Printa ilikuwa ya familia nzima, ila iliunganishwa na kompyuta ya mkubwa, Mghanga, katika chumba cha pili. Ndugu hao walikuwa wamegombana kwenye kikao cha matanga kuhusu mahali pa kuchimba kaburi. Tangu hapo, hata salamu hakuna.

Asubuhi ya mazishi Mwakio aliketi kitandani, akautuma wimbo kwa printa kupitia mtandao wa nyumbani. Jina la printa lilionekana vizuri kwenye kioo. Akabonyeza, akasikiliza. Kimya. Akabonyeza tena. Akaifuta printa, akaiongeza upya. Akabadilisha programu ya kuiendesha, akazima laptopu, akaiwasha. Jina likarudi palepale, kama mtu anayekuona na hataki kukusemesha. Akaulaumu mtandao, akailaumu Linux, akamlaumu hata fundi aliyemwekea. Nje, jeneza lilikuwa limeshafika na kina mama walikuwa wakimimina chai.

Mwishowe akausoma ule ujumbe mdogo alioupuuza muda wote huo: kazi imezuiliwa, inasubiri idhini. Kisanduku kikamtaka aandike jina na nywila ya mwenye kompyuta. Akaandika yake, ikakataliwa. Akajaribu jina la baba, la mama, la shamba. Angeweza kuutia wimbo kwenye flashi akavuka ukumbi, lakini hilo nalo lingemlazimu kufungua mdomo. Akaona afadhali aendelee kubahatisha.

Jamaa walipoanza kulibeba jeneza, alisalimu amri. Akavuka ukumbi na laptopu mkononi, akabisha. Mghanga alikuwa ameketi kando ya printa, suti ameshavaa, mikono mapajani. Mwakio aliomba nywila bila kumtazama usoni.

"Nimekusikia tangu asubuhi ukigombana na hiyo laptopu," Mghanga alisema. "Nilikuwa nangoja uje uombe."

Mghanga akaiandika nywila kwa mkono wake, na printa, ambayo haikuwa na kasoro yoyote, ikaanza kutoa karatasi moja moja, taratibu, nakala nyingi kwa maana waombolezaji walikuwa wengi. Wingu likatanda. Wakazikusanya karatasi, wakashuka mbio kati ya migomba. Lakini mchungaji alikuwa ameihofia mvua, hakuweza kuwangoja. Walipofika, karatasi zilikuwa bado na joto na kaburi limeshafukiwa. Watu walikuwa wameimba wimbo mwingine, ule unaoimbwa kwa yeyote yule, na sasa walikuwa wakitawanyika wakijifunika vichwa kwa leso na makoti.

Ninyi mnaonisikiliza, niambieni: kati ya aliyekataa kuomba na aliyengoja kuombwa, ni nani aliyemzika baba yake bila wimbo wake?