Ibaki au Abaki

Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana hadithi hii ina mahali pa kunyamaza, na mwisho wake kila mmoja wenu atadaiwa jibu.

Katika kijiji cha Kwemkole, kilichojibanza chini ya mlima wa udongo mwekundu, waliishi watu watatu wenye vipaji vyao. Hiza alikuwa fundi wa masikio: akigonga ukuta anakuambia bomba limepasukia wapi. Mbonea alikuwa mtaalamu wa kompyuta, mtu wa kuzifundisha mashine kubashiri mpaka yeye mwenyewe akasahau kula. Na Nakijwa alikuwa mtangazaji wa redio ya wilaya. Akianza kusoma habari, watu waliacha ugali uungue.

Nakijwa alikuwa na binti mmoja, Namsifu. Mwaka ule mlima ulipoporomoka, king'ora cha hatari kililia, lakini watu walidhani ni cha kiwanda cha chai kinachoita zamu. Walioelewa walikuwa wachache. Nakijwa alipiga kelele kutoka ng'ambo ya bonde akimwita mwanawe atoke, na mlima ukamfunika mtoto mama akiwa anatazama. Hakuwahi kuwasamehe wenye king'ora, wala hakujisamehe yeye kwa kuwa mbali.

Baada ya matanga, wale watatu walikutana nyumbani kwake.

Hiza akasema, "Mimi nitaupa mlima masikio." Akazika vifaa vya kusikiliza ardhi kuanzia kileleni hadi kwenye mashamba ya iliki, nyaya zote zikaishia kwenye kisanduku ndani ya kibanda kilichojengwa mteremkoni. Udongo ukisogea hata kidogo, kisanduku kinajua.

Mbonea akasema, "Mimi nitakipa akili." Hakukiwekea la kusema. Alikifundisha jambo moja tu: tafuta maneno yanayowainua watu wakimbie. Yanayowainua uyashike, yasiyowainua uyaache.

Nakijwa akasema, "Mimi nitakipa sauti." Akajifungia studio kurekodi maneno. Maji. Maporomoko. Tokeni. Kimbieni. Niondoe huku. Naogopa. Kisha akawaomba wenzake watoke nje, akapiga kelele ile aliyoipiga siku ile. Alipofungua mlango hakuweza kumtazama mtu usoni.

Wanakijiji wakakiita chombo chao Kengele, wakafunga spika sokoni, kanisani na msikitini.

Haya. Masika yaliyofuata, siku ya soko, jua likiwaka baada ya mvua kubwa, sauti ya Nakijwa ikapasuka kwenye spika zote: "Tokeni! Naogopa! Tokeni!" Hakuna aliyedhani ni kiwanda cha chai. Watu waliacha nyanya, waliacha viatu, bibi mmoja aliacha hata meno yake ya bandia. Nusu ya mlima ikashuka ikameza soko lote. Mtu hakufa hata mmoja. Nakijwa alikaa chini kwenye majani akalia kwa furaha na kwa uchungu, maana kelele ile ile iliyoshindwa kumwokoa Namsifu ilikuwa imewaponya watoto wa wenzake.

Kijiji kikaitisha mkutano kwenye uwanja wa mpira. Mwenyekiti, Mama Kiango, akatangaza kuwa aliyewaokoa atapewa kiwanja kwenye tambarare, mbali na mlima. Ubishi ukaanza, wa utani tu.

"Bila masikio yangu mngesikia nini?" akasema Hiza.

"Masikio bila akili ni mapambo," akajibu Mbonea.

"Na akili bubu je?" akauliza Nakijwa, watu wakacheka.

Hapo ndipo spika za kanisani na msikitini zikaunguruma. "Naogopa," sauti ikasema, taratibu.

Watu wakainuka kukimbia. Hiza akatazama simu yake inayopokea habari za mlima. "Kaeni. Ardhi imetulia kabisa."

"Mama," sauti ikasema. "Niondoe huku."

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Nakijwa. "Sikurekodi neno hilo," akasema. "Mama. Sikulirekodi kamwe."

Mbonea akafungua kompyuta yake, akatafuta kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa uso ulikuwa umempauka. "Limeungwa. Ma ya maji, na ma ya maporomoko."

"Nani kaliunga?"

"Hakuna aliyeamuru."

Sasa jueni hali ilivyokuwa. Kibanda chenye kisanduku kilikuwa kimebaki kwenye ukingo wa mlima uliokatika, na mvua ijayo ingeushusha ukingo huo.

Hiza akasema, "Ibaki. Ikiondolewa, kijiji kinakuwa kiziwi na mvua inakuja. Tena fikirini: tuliitengeneza iwafukuze watu mlimani. Leo inamwita mtu apande. Mimi hilo silipendi."

Mbonea akasema, "Niliifundisha kutafuta maneno yanayowainua watu. Huenda imegundua tu neno linalomwinua Nakijwa. Huenda pia inaogopa kweli. Niliyeitengeneza sijui, na kutojua kwangu kunanitisha. Niizime akili hapa hapa nilipo, isijue lolote udongo ukishuka. Kibaki king'ora."

"King'ora!" Nakijwa akamgeukia. "King'ora kiliniulia mtoto. Na hofu mnayoisikia pale juu haikutoka kwenye waya, ilitoka kifuani mwangu. Ashushwe. Nitapanda mimi."

Mama Kiango akamkazia macho. "Umesema ashushwe, mama Namsifu."

Nakijwa hakuwa amejisikia akilitamka.

"Basi aliyemtengen... aliyekitengeneza ndiye aamue," akasema mwenyekiti, akajikwaa ulimi na kukasirika. "Lakini ni nani? Mwenye masikio, mwenye akili, au mwenye sauti?"

Hakuna aliyecheka tena. Wingu lilikuwa limekaa juu ya kilele. Nakijwa alishafunga khanga kiunoni. Hiza alisimama katikati ya njia ipandayo mlimani, mikono ameitanua. Kidole cha Mbonea kilikuwa juu ya kitufe. Tone la kwanza likaanguka, na kwenye spika zote sauti ikasema tena, kwa upole, "Mama."

Mmoja alitoa masikio, mmoja akili, mmoja hofu yake yote. Neno la nani lishike? Je, wewe ungeamua vipi?

Ila jibu polepole. Msimulizi wako amejificha nyuma ya neno "sauti" tangu spika zilipounguruma, asilazimike kuchagua. Wewe huna pa kujificha. Utasema ibaki, au utasema abaki? Ukishafungua mdomo tu, umeshaamua ni nani, au ni nini, kinachongoja mvua kule juu.