Miguu ya Tupokigwe

Mgeni husifu shavu, mama hubonyeza mguu.

Nimeisema mara moja tu pale mlangoni, mkacheka wote. Bibi harusi anaambiwa amenenepa, amependeza, ndoa imemkubali, halafu kizee kimoja kinaleta habari za miguu! Haya, chekeni. Lakini kwa kuwa mmeniuliza ilikotoka, wekeni kando hizo simu mkae chini. Si hadithi ya kuchekesha. Bibi yangu aliyenisimulia hakuwahi kuimaliza bila kujifuta macho, na mimi sijui kama nitaiweza.

Asili yake ni hii. Wakati wa wamisheni wa kwanza kulikuwa na vijiji viwili vilivyotazamana kwa mbali. Itundulu kilikuwa juu mlimani, penye baridi na ukungu. Kisyongo kilikuwa chini bondeni, karibu na ziwa, penye joto na migomba. Padri wa Itundulu alileta mbegu za ngano na kujenga kinu cha kusagia kinachozungushwa na maji ya mto. Basi watu wa mlimani wakaipenda ngano kupita kiasi. Mahindi waliyala kwa njaa, ngano waliila kwa fahari. Wakala mkate, wakala maandazi, wakala uji wa ngano na ugali wa ngano, na mgeni asiyepewa ngano alijua hapendwi. Kule Kisyongo waliendelea na ulezi wao, ndizi zao na samaki wao. Ngano waliisikia tu kwa jina.

Huko Kisyongo alikaa mjane aitwaye Nyambilila na binti yake wa pekee, Tupokigwe. Binti huyu alikuwa mwembamba tangu utotoni. Alilima, alibeba maji, alicheka kwa sauti hadi ng'ambo ya mto wakamsikia, lakini mwili hakuwa nao. Wenzake walimwita Ufito. Yeye alicheka nao, kisha akirudi nyumbani anamuuliza mama yake, "Mama, hivi mimi nitanenepa lini?" Mnajua tulivyo. Mwembamba hata awe na nguvu za punda tutamwonea huruma, na mnene hata kama anahema akipanda ngazi mbili tutampigia vigelegele.

Akaja kijana wa Itundulu, seremala, jina lake Obedi, kuezeka kanisa la bondeni. Alipomaliza paa alikuwa amekwisha kumpenda Tupokigwe, na Tupokigwe amempenda yeye. Wakaoana, akamchukua kwenda mlimani kwa mama yake.

Sasa hapa nawajua, mnasubiri mama mkwe mkorofi. Hayupo. Mama Obedi alikuwa mwanamke mwema kweli, na ndiyo maana kisa hiki kinauma. Alizaa wavulana watupu, na miaka yote alimwomba Mungu binti. Tupokigwe alipoingia uani, mama yule alimkumbatia akawaambia majirani, "Asiniite mama mkwe mtu hapa. Mimi ni mama yake huyu." Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Obedi hakumpa jembe. Alimpa mkate. Asubuhi mkate, mchana mkate, jioni maandazi ya moto, naye anakaa pembeni kumtazama anavyokula, kama mtu anayeota moto.

Haukupita muda mrefu, Tupokigwe akaanza kubadilika. Asubuhi aliamka uso umejaa, mashavu yamevimba, macho yamekuwa madogo. Jioni miguu ilikuwa mizito. Gauni lake la kanisani likambana, na Mama Obedi akaliachia mishono huku anaimba. Siku nyingine likampwaya bila sababu, mama akasikitika, akaongeza mkate. Kisha likambana tena. Pale kanisani wanawake walimshika mashavu. "Mama Obedi, umemtunza! Tazama mtoto alivyonona!" Tupokigwe, ambaye maisha yake yote alikuwa Ufito, alisikia maneno hayo akainamisha kichwa kwa furaha.

Wasichokijua wale wanawake ni kwamba tumbo lilimsokota kila alipokula. Aliharisha akaficha. Akipanda kilima kidogo pumzi zilimwishia. Angesemaje? Kuukataa mkate wa mtu anayekupenda ni sawa na kumkataa mwenyewe. Tena angewezaje kusema anaumwa, wakati kijiji kizima kinasema amenawiri?

Bondeni walikuwa na desturi yao. Binti aliyeolewa akirudi kusalimia, mama humkalisha kwenye kigoda na kumwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu kabla hajapewa chakula. Basi Tupokigwe alipokwenda kwao mara ya kwanza, majirani walipiga vigelegele njia nzima. Nyambilila naye akafurahi. Akamkalisha, akachota maji, akaanza kumwosha. Dole gumba lake likateleza juu ya mfupa wa muundi, likazama. Alipolitoa, shimo likabaki pale pale, kama umechomeka kidole kwenye unga uliokandwa kwa maji mengi. Akabonyeza mguu wa pili. Shimo jingine.

Akamtazama binti yake usoni. "Mwanangu, huu si mwili. Haya ni maji."

Tupokigwe akakunja gauni haraka kufunika miguu. "Mama jamani, hata wewe! Watu wote wamefurahi."

Nyambilila hakubishana naye. Alimpikia uji wa ulezi, akampa ndizi na samaki, vyakula alivyomlea navyo. Siku zilivyokwenda, Tupokigwe akawa anakwenda haja ndogo mara nyingi. Miguu ikanywea, uso ukarudi, tumbo likatulia, na sauti yake ya kicheko ikasikika tena ng'ambo ya mto. Alirudi kuwa mwembamba, ndiyo, lakini alishika jembe na mama yake hadi jua likawa kali.

Akapanda mlima kurudi kwa mumewe. Mama Obedi alipomwona alishika mdomo, machozi yakamtoka. "Wamemfanya nini mwanangu? Kwao kuna njaa?" Jioni ile ile moto ukawashwa, unga wa ngano ukakandwa. Miguu ikajaa maji upya, majirani wakasema, "Aa, sasa ndiyo umerudi kwenu!" Safari ya pili ikawa hivyo hivyo. Akienda bondeni anapungua, akirudi mlimani anavimba. Kwa macho ya Itundulu, mambo yalikuwa wazi kabisa. Kwa mkwe anashiba, kwa mama yake anakondeshwa. Mama Obedi akamwambia mwanawe Obedi kwa upole, "Asiende tena kule kwa sasa. Kila akienda wananirudishia mifupa." Obedi alimheshimu mama yake. Tena alimpenda mkewe, naye aliamini anamlinda.

Chini bondeni Nyambilila akangoja. Wapita njia wakawa wanamletea habari nzuri. "Mwanao amenona, mama! Ukimwona hutamjua!" Walidhani wanampa zawadi. Yeye kila alipoisikia sifa hiyo alipoteza hamu ya kula. Mwisho akafunga mzigo wa ulezi, akaupanda mlima peke yake.

Alifika siku ya sikukuu ya mavuno. Ua wa Mama Obedi ulijaa wageni, mikate imepangwa kwenye ungo. Tupokigwe alikaa kitini katikati, mashavu yameiva, wanawake wanamzunguka. Alipomwona mama yake alitaka kuinuka, akashindwa, akacheka kufunika aibu. Nyambilila hakusalimia mtu. Alipiga magoti mbele ya binti yake, akapandisha pindo la gauni, akabonyeza. Kidole kilizama zaidi kuliko safari zote zilizopita.

"Mkwe," Nyambilila akasema bila kuinuka, "nakushukuru kwa kumpenda mwanangu. Naomba nimchukue kwa muda."

Mama Obedi alikuja mbio, mikono ina unga. "Umchukue umpeleke wapi? Akale nini? Mara mbili amekuja kwako, mara mbili amerudi kijiti!"

"Alirudi mzima. Hivi sasa amevimba. Bonyeza mwenyewe uone."

"Nibonyeze nini? Macho sina?" Mama Obedi akajifuta unga mikononi. "Unakuja kwangu mbele za watu, siku ya mavuno, uniambie mkate wangu ni sumu?"

"Sijasema sumu, mkwe wangu. Watoto wa hapa wote wanaula, nao wanastawi. Mimi sijui kuna nini. Ninachojua, huyu mmoja akila chakula chako anajaa maji, akila changu maji yanaondoka. Nakuomba, hapo ulipo, bonyeza tu."

Mama Obedi hakubonyeza. Angejishushaje kupiga magoti mbele ya wageni wake, ili kuthibitisha kwamba hajui kutunza? Obedi alimtazama mama yake, akamtazama mama wa mkewe, akatazama chini. Ikabaki kwa Tupokigwe mwenyewe.

Nyambilila akamshika mkono. "Mwanangu, sema wewe. Twende nyumbani."

Tupokigwe alitazama zile nyuso zilizokuwa zikimsifu sasa hivi. Kisha akamwinamia mama yake sikioni, lakini waliokaa karibu walisikia. "Mama, niache. Maisha yangu yote sijawahi kuonekana mzuri. Usinivue mbele yao. Nitakuja, mama, mvua zikiisha nitakuja mwenyewe."

Nyambilila akaushusha ule mzigo wa ulezi miguuni pa binti yake. Akaushika uso wake, akauachia, akashuka mlima. Ulezi ule ulihifadhiwa ghalani kwa heshima, maana hakuna aliyeona sababu ya kumpikia mkamwana ulezi katika nyumba yenye ngano.

Siku hizi madaktari wanajua. Kuna watu ambao ngano huwadhuru tumboni, hata chakula kikawa hakiwafai kitu, na wengine miili yao hujaa maji. Wakipimwa wakaambiwa waiache, wanaishi hadi uzee. Lakini Tupokigwe hakuzaliwa siku hizi, wajukuu zangu. Yeye dawa yake ilikuwa mama yake tu, na mama huyo ndiye aliyekuwa ametoka kumwambia arudi bondeni peke yake. Mimi hapa huwa nakasirika, namkasirikia kila mtu, hata yule binti. Halafu namkumbuka alivyoitwa Ufito, hasira inanitoka.

Mvua zilikuja, njia ya mlimani ikawa utelezi mtupu. Tupokigwe akawa hawezi kulala chali, anahema akiwa amekaa. Mama Obedi akamlisha kwa mkono wake, vipande vidogo vya mkate uliolowekwa kwenye maziwa, akambembeleza ameze ili apate nguvu. Akameza. Asubuhi moja akaomba maji, na kabla kikombe hakijamfikia akawa ameondoka.

Habari zikashuka bondeni, na Nyambilila akapanda mlima kwenye utelezi ule, anashika majani ili asianguke. Alipoingia uani, wanawake wa Itundulu walimpokea kwa vilio, kisha wakamfariji kwa njia waliyoijua. "Pole, mama. Angalau hakupata shida hapa. Amekufa na mwili wake, tazama mashavu yalivyojaa."

Nyambilila aliomba beseni na maji ya uvuguvugu. Akakaa chini penye miguu ya binti yake, akafunua shuka, akaanza kuiosha, kama alivyoiosha kila alipokuja nyumbani. Alipofika kwenye muundi akabonyeza. Shimo likabaki.

Mama Obedi alikuwa amesimama nyuma yake. Safari hii aliliona. Alilingoja shimo lile lijae, lisijae, akakaa sakafuni. Nyambilila hakumtukana wala hakumsukuma. Alisogeza beseni katikati yao, akampa kitambaa, akamwachia mguu wa pili.

Mama Obedi akauchukua. Aliuosha polepole, na kwa mara ya kwanza dole gumba lake likazama katika mguu ule aliousifu kila Jumapili bila kuugusa. Akalia hadi wanaume waliokuwa nje wakavua kofia.

"Mkwe," akasema alipoweza kusema, "nilijiita mama yake mbele ya watu wote. Nami nilikuwa nasifu tu, pamoja na wageni."

Nyambilila akaendelea kuosha. Wakaosha wote wawili hadi maji yakapoa. Wale wanawake waliokuwa wakisifu mashavu walimsikia Mama Obedi akisema tena, kwa sauti ndogo, bila kumtazama yeyote:

"Mgeni husifu shavu. Mama hubonyeza mguu."