Swichi Chini ya Kiti

Ulichomficha mwizi, umemficha na mwokozi.

Jana mlimsikia mwalimu wa kwaya akimwambia mkewe maneno haya mbele ya watu, watu wakacheka, nanyi mkarudi nyumbani kuniuliza yametoka wapi. Wanangu, hayakutoka mbali, wala si ya wazee wa zamani. Yalitoka kwa jirani yetu Mzee Mlowe. Nami nilikuwepo, na nisingependa mcheke kabla hamjasikia. Yalianza hivi.

Mzee Mlowe alikuwa na pikapu nyeupe ya kubebea viazi, nanyi mnajua hapa kwetu nje ya Makambako mtu mwenye gari ni kama mtu mwenye kisima. Mwaka ule wezi walipita kijijini. Asubuhi moja akaamka akakuta tairi la akiba halipo. Mlango wa ua haukuvunjwa, na mbwa wake wawili hawakubweka usiku kucha. Hilo la mbwa ndilo lililomkaa moyoni.

"Mbwa asiyebweka anamjua mgeni wake," alisema.

Na jirani ambaye mbwa wale walimzoea alikuwa mmoja tu, Luvanda, fundi umeme wa magari, ambaye ukuta wake na wa mzee ni ule ule. Mzee hakumshtaki. Hakumwuliza hata swali. Aliacha tu kumsalimia. Sisi majirani tulipoona hivyo, nasi tukaanza kumwangalia Luvanda kwa jicho la pembeni. Akipita na mfuko tunautazama mfuko. Shaka haisemi, wanangu. Inanuna tu, na inaambukiza.

Tangu hapo gari likitaka fundi mzee alilipeleka Mbeya, akimpita Luvanda mlangoni kwake. Na huko Mbeya akawekewa swichi ya siri. Ilifungwa chini ya kiti cha abiria cha mbele, ndani kabisa, ikaviringishwa utepe mweusi ifanane na waya nyingine. Ukiizima, gari zima linakufa. Taa hakuna, honi hakuna, ufunguo unauzungusha kama umeuchomeka kwenye gogo.

Hakumwambia mtu. Hata mkewe, Mama Twilumba, aliyemzalia watoto wanne na aliyejua kuliendesha gari lile vizuri kuliko yeye. Siku akimpa gari apeleke viazi sokoni, mzee hutangulia kuingia, eti anakung'uta viti, anaiwasha swichi, ndipo anampisha. Jioni likirudi huingia tena, eti anafunga vioo, akaizima. Kwenye kikao kimoja cha wazee wa kanisa, walipojadili nani akae na ufunguo wa stoo, alisimama akasema, "Mwanamke ana dada, dada ana mume, mume ana rafiki. Siri ikishapita kwa watu wanne hiyo ni mbiu." Watu walimpigia makofi. Na mimi nilipiga.

Sasa Jumapili moja, kama saa mbili kasorobo asubuhi, nilisikia Mama Twilumba akipiga yowe. Nilikimbia na unga mikononi. Nikamkuta mzee ameegemea ukuta wa jikoni, kikombe cha chai kimevunjika miguuni. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Alitaka kusema, ikatoka sauti tu, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Ni kiharusi," nikasema. "Hospitali, upesi!"

Magari mengine mawili ya kijiji yalikuwa yamebeba kwaya alfajiri kwenda Njombe. Bodaboda isingeweza, mtu mwenyewe hakuweza hata kushika shingo yake. Lakini pikapu ilikuwa pale uani, tuna wasiwasi gani? Tukambeba, sisi wawili na binti yake Twilumba. Tulipofungua mlango wa gari, mzee akaunyanyua mkono wa kushoto akanyooshea kile kiti cha mbele.

"Anataka kukaa mbele kama siku zote," mkewe akasema. Tukakilaza kiti, tukamlaza juu yake.

Mama Twilumba akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Hata taa moja ndogo haikuwaka.

"Ni baridi ya usiku," nikasema.

Tukachemsha maji tukamwagia vichwa vya betri, kama tunavyoona wanaume wakifanya. Tukasukuma gari mpaka getini, halikukohoa. Mzee akawa anapigapiga ubavu wa kiti kwa mkono ule mzima. Pa, pa, pa.

"Mgongo unamwuma," Mama Twilumba akasema, akamwekea mto. Akaendelea kupiga. Akamwekea na kanga.

Twilumba ndiye aliyesema, "Mama, nimwite Fundi Luvanda?"

Nawaambia ukweli, mama yake na mimi tulisimama pale kwa muda ambao mtu angemaliza kumenya sufuria ya viazi, tukifikiria tairi, na mgonjwa anatutazama. Mwishowe nikapiga simu kwa dereva ninayemjua mjini. Akasema yuko safarini, labda mchana. Ndipo mama akasema, "Haya, mwite. Lakini tusimwache peke yake na gari."

Luvanda alikuja mbio, miguu peku. Akafungua boneti, akagusisha taa yake ya kupimia kwenye betri, ikawaka vizuri.

"Betri nzima. Mama Twilumba, gari hili lina swichi ya siri?"

"Swichi ya siri ya nini?"

"Watu huweka kwa ajili ya wezi. Ikizimwa, gari linakuwa maiti kama hivi."

"Luvanda, mume wangu hanifichi kitu. Angeweka ningejua."

"Una hakika, mama?"

"Nimelala naye miaka ishirini na sita. Wewe umelala naye?"

Siku nyingine tungecheka. Luvanda aliinamisha kichwa akaendelea. Kwa kuwa aliambiwa hakuna swichi, alitafuta pasipo swichi. Akachomoa fyuzi moja moja akizimulika juani. Akafungua chini ya usukani. Akasema labda akate waya aupitishe kwingine moja kwa moja. Mama akamjibu asikate kitu cha watu bila mwenyewe kusema. Na mwenyewe hawezi kusema! Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Jicho moja la mzee likawa halifumbi vizuri.

Mwishowe Luvanda aliufuata waya mkubwa mwekundu kwa kidole, kutoka kwenye betri mpaka unapoingilia ndani.

"Nisaidieni tumshushe kidogo," akasema. "Niangalie chini ya kiti hiki."

Nilimnong'oneza Mama Twilumba, "Angalia mikono yake." Mungu anisamehe.

"Chini ya kiti kuna nini chako?" Mama akamwuliza.

"Waya unaingia huku, mama."

"Umejuaje? Uliwahi kuingia kwenye gari hili?"

Luvanda alisimama wima. Jasho lilikuwa linamtiririka na baridi yote ile.

"Mama zangu, semeni basi. Semeni lile mnalolisema mwaka mzima nikiwapa mgongo. Luvanda ndiye aliyeiba tairi. Lisemeni, mlimalize, halafu mnipishe nifanye kazi. Mtu huyu anakufa."

Kabla hatujamjibu tukasikia ule mkono tena. Pa, pa, pa.

"Anapiga nini?" Luvanda akauliza.

"Maumivu ya mgongo," nikasema.

"Mwenye maumivu hushika anapoumwa. Huyu anapiga kiti." Akamwinamia. Ilikuwa mara ya kwanza katika mwaka mzima watu wale wawili kutazamana usoni. "Mzee wangu, iko chini yako?"

Mzee Mlowe akafumba jicho lile linalofumba, na machozi yakamshuka.

Tukamnyanyua. Luvanda akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa, akabana kitu. Taa zikawaka. Redio ikalipuka kwa sauti ya mhubiri katikati ya maneno, sote tukaruka. Zilikuwa zimebaki dakika chache kufika saa tano. Luvanda aliendesha yeye, na Mama Twilumba akamshikilia mumewe asidondoke.

Hospitali daktari aliuliza imeanza saa ngapi. Akaambiwa. Akatazama saa yake, akavuta pumzi.

"Ugonjwa huu tunapigana nao kwa dakika, mama. Mbona mmechelewa hivi? Hamkuwa na usafiri?"

"Tulikuwa nao."

"Gari lilikuwa bovu?"

Luvanda alikuwa amesimama mlangoni, na miguu yake ile peku. Mama Twilumba alimtazama yeye, kisha akamtazama mumewe kitandani. Akajibu polepole, "Gari lilikuwa zima, daktari. Lilizimwa kwa ajili ya wezi. Kumbe ulichomficha mwizi, umemficha na mwokozi."

Wauguzi waliokuwepo waliyachukua maneno yale, sisi tukayaleta kijijini, na sasa yamefika kwenye kwaya.

Mzee Mlowe hakufa. Mnamwona kila siku ameketi barazani. Lakini sauti haikurudi, na hata mkewe hajui leo ni mambo mangapi mengine yamefungiwa ndani ya kifua kile. Kuna sanduku lina kufuli, ufunguo haujaonekana. Kuna shamba alilisema mara moja tu. Mama Twilumba anamwonyesha kitu kimoja kimoja akimwuliza, "Ni hiki? Ni kile?" naye anatikisa kichwa mpaka wanachoka wote wawili.

Tairi halikupatikana. Sisemi Luvanda aliiba, na sisemi najua ni nani. Wezi wapo, wanangu. Mimi mwenyewe nafunga mlango huu, nikishalala naamka kuujaribu tena, na ninyi fungeni. Lakini ukificha ufunguo, ukificha dawa, ukificha unakoumwa, awepo mtu mmoja anayejua. Mchague kwa macho makali unavyotaka, mjaribu hata mwaka, ila awepo, na umwambie ukiwa bado una mdomo wa kusemea. Mkishindwa kumpata mwingine, niambieni mimi.

Kwa maana ulichomficha mwizi, umemficha na mwokozi.