Kwa Nini Njia ya Kibirikani Imepinda

Njia ya Kibirikani mnayoiona leo imepinda, enzi hizo ilikuwa imenyooka. Ungesimama msikitini ukamwona atokaye sokoni, ukajua na alichobeba. Enzi hizo pia, mji wa kale uliolala chini ya mji wetu haukuwa na wa kuutetea. Mtu akichimba msingi akakuta ukuta wa watu wa mwanzo, aliubomoa, mawe akayatia kwenye tanuri la chokaa.

Bi Kazija, mjane, alikuwa na binti mmoja, Saumu, na kiwanja kimoja chembamba. Desturi ilitaka binti aolewe akiwa na nyumba yake, na wakwe walikwishachoka kusubiri. Mwezi ule ukipita, posa ingevunjika. Roho ya mama ilikuwa juu juu.

Mafundi walipochimba, sururu iligonga sakafu. Bi Kazija akashuka shimoni mwenyewe. Akakuta kizingiti, baraza fupi la kukaa watu wawili, na birika dogo la kunawia miguu. Ndani ya birika, chini kabisa, ilikuwa imepachikwa sahani ya samawati, ili maji yapendeze.

“Tuvunje, Bi Kazija?” aliuliza fundi Mbwana. “Mawe haya yanatosha ukuta mzima.”

Bi Kazija akakaa barazani, machozi yakamtoka. “Hapa mama alimjengea mwanawe,” alisema. “Nasi tumeingia kwa watu bila hata hodi! Fukieni taratibu. Nyumba ya Saumu isogezeni mbele.”

Mbele kulikuwa njiani. Majirani wakaja juu, na aliyefoka zaidi ni Mzee Shee wa ng'ambo ya njia, ambaye hata paka hakumruhusu kulala kwenye baraza lake. Kabla shimo halijafukiwa, alishuka kugomba. Akaiona ile sahani, akaifuta mchanga kwa kanzu yake. Alipopanda alisema, “Vunjeni baraza langu. Njia ipite hapo.”

Saumu akaolewa mwezi uleule. Mzee Shee naye, maskini, jioni zake zote zilizobaki alizikalia kwenye baraza la Saumu, akiletewa kahawa.

Na tangu siku hiyo njia imepinda. Siku hizi pana kibao cha serikali kinachokataza kuchimba ovyo, na vijana hudhani tulianza kuheshimu kilipowekwa. Lakini wa Kibirikani, kabla ya kuinua sururu, hupiga hodi, kisha hungoja kidogo, kama umngojavyo mwenye nyumba aliye ndani akijitanda kanga.