Kanda ya Bi Ruzuna na Amplifaya Mbili

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kanda zilipokuwa bado zinatafunwa na deki, aliishi Tanga mwimbaji mstaafu wa taarab, Bi Ruzuna. Masikio yalikuwa yanamwisha. Sauti yake ya ujanani ilibaki kwenye kanda moja tu.

Akawaambia wanawe watatu, "Atakayenisikilizisha nafsi yangu kabla sijawa kiziwi, kanda ni yake."

Baba yao aliwaachia spika mbili na amplifaya mbili zilizofanana.

Zuwena, binti wa kati, hakuweza kutulia. Akaanza yeye. Akatenganisha nyaya nyuma ya spika: amplifaya moja ibebe besi, ya pili ibebe sauti nyembamba. Akazungusha kitasa hiki, akazungusha kile.

"Mama, wasikia?"

"Kwa mbali, kama redio ya jirani. Ongeza wembamba... hapo! Maneno nayapata."

"Sogea, dada," akasema Mshamu, kaka mkubwa. "Hii yataka nguvu."

Akaziunganisha upya nyaya za spika. Kisha akaziunga pande mbili za kila amplifaya, wa kushoto na wa kulia, ziwe upande mmoja, ili kila amplifaya isukume spika yake kwa nguvu zote. Wembamba akauacha palepale alipouweka Zuwena. Nyumba ikatetemeka. Bi Ruzuna akainuka! Akaenda kwa madaha, akavua mtandio, akautandaza juu ya amplifaya iliyokuwa ikifuka joto, kama mtu anayemtuza mwimbaji jukwaani.

"Mama, usiifunike!" Zuwena alipiga kelele. Nani amsikie? Mshamu alikuwa anapiga makofi.

Moshi. Amplifaya ikafa, wimbo katikati.

Ndipo Shekue, kitinda mimba, akaichukua ile iliyobaki, akaufungua muungano wa kaka yake, akaifungia spika zote mbili. Sauti ikatoka ndogo, wembamba ukiwa uleule wa Zuwena. Akamketisha mama karibu, akauweka mkono wake juu ya spika. Bi Ruzuna akausikiliza wimbo wote, na ubeti wa mwisho akaimba nao.

Basi pakachafuka.

"Nani aligundua sikio la mama limepungukiwa wapi?" Zuwena alifoka. "Nyote mmetumia nilichokipata mimi!"

"Wewe ulimpa maneno, mimi nilimpa ukumbi! Nani alimwinua kitini?"

"Na kuua amplifaya?"

"Kwani mtandio ule ulikuwa wangu?" akajibu Mshamu.

"Nyie mlimpa vipande," akasema Shekue. "Mimi nimempa wimbo mzima."

"Kwa masalia yetu!"

Jirani akachungulia dirishani. "Mpeni kaka mkubwa, yaishe."

"Yaishe kwa sababu gani?" Zuwena akamgeukia. "Kanda imeandikwa ni ya mwenye ndevu?"

Bi Ruzuna ameunyoosha mkono wenye kanda, anawatazama midomo inavyocheza. Masikio yamemwisha, hasikii hata mmoja. Haya, nyinyi ambao masikio yenu bado mazima, mmewasikia wote watatu. Je, nani alistahili kuipokea?