Kiboko Aliyesahihisha Mpaka Juani

Hapo zamani za kale, na wewe unayecheka nyamaza kwanza, bado sijafika penye kicheko, Kiboko alirudi kutoka ng'ambo. Huko alifugwa kwenye bustani ya wanyama, akarudi na Kiingereza kimemjaa mdomoni. Na mdomo wa Kiboko mnaujua!

Bwawa la kijiji lilikuwa moja tu. Kiboko akajilaza majini, akaziba njia ya kuteremkia, akatangaza: "Anayetaka maji aombe kwa Kiingereza. Akikosea neno moja, arudi na mtungi mtupu. Makosa yenu yananiwasha masikio!"

Nyumbu akajaribu. "Gudi moningi..."

"Toka!" Kiboko akanguruma. Nyumbu akatoka mbio, mtungi ukimgonga magoti.

Nyumbani kwa Pimbi, kule juu mlimani penye mawe matupu, mambo yalikuwa magumu zaidi. Mkewe alikuwa amejifungua mapacha, na mzazi bila uji wa pilipili manga maziwa yatatoka wapi?

"Baba Tunu, watoto wanalia," mkewe alisema. "Hata tone la maji hatuna."

"Tulia, mke wangu. Leo utakunywa uji mpaka uombe po."

Pimbi akamwendea Nyumbu. "Jirani, waite wenzetu na mitungi yao, mjifiche kwenye matete. Kiboko akiondoka, choteni."

"Kiboko aondoke? Aende wapi?"

"Nitakakokwenda mimi."

Pimbi akashuka bwawani mikono mitupu. "Gudi moningi, Mista Kiboko! Mai waifu wanti wota!"

"Yalaaa, masikio yangu!" Kiboko akaruka. "Sema woo-ta! Rudia!"

"Wata," Pimbi alisema, akirudi nyuma kidogo.

"Woo-ta!"

"Wite."

Chubwi! Kiboko akatoka majini. "Simama hapo nikufundishe!"

"Sina nafasi, Mista. Nakwenda kuwafundisha wanangu. Wite, wite, wite!"

"Hapana! Usiwaharibu watoto!"

Basi amekwisha kunaswa huyo! Pimbi akapanda mlima akikosea, Kiboko nyuma yake akisahihisha, du! du! du! Alipokumbuka bwawa lake na kugeuka, Pimbi akamwita, "Tenki yu, Mista!" Loo, Kiboko angelala vipi na kosa lile? Akageuka tena, akafuata.

Huko chini Nyumbu na wenzake walikuwa wakichota, chururu, chururu, mpaka mitungi ikafurika.

Jua likawa la utosi. Sasa, ngozi ya Kiboko haipatani na jua kabisa. Ikakauka, ikaanza kupasuka. Kiboko akayumba, akaanguka mlangoni kwa Pimbi, puu!

"Maji!" akalia. "Jamani, maji! Nakufa!"

Nyumbu alikuwa ndio kwanza anafika na mtungi wa maji ya mzazi kichwani, wenzake nyuma yake. Akacheka mpaka maji yakamwagika. "Mista, hicho ni Kiingereza cha wapi?"

"Maji, ndugu yangu! Nakuomba!"

"Aombe kama alivyotuombesha!" wanyama wakapiga kelele. "Akikosea, akauke!"

Pimbi akapanda juu ya jiwe. Watoto wake walikuwa bado wanalia ndani, na hasira alikuwa nayo, msidhani hakuwa nayo.

"Kwani nyinyi hamkumwelewa?" akauliza.

Wakatazamana. "Tumemwelewa."

"Basi mmwagieni."

Chwaa! Chwaa! Kiboko akahema, akafumbua macho, akakosa hata pa kuyaweka kwa aibu. Akashuka polepole mpaka bwawani, akajisogeza pembeni kabisa, na njia ikabaki wazi kwa kila mwenye mtungi.

Mama Tunu akapikiwa uji, akanywa mpaka akaomba po. Mapacha wakanyonya wakalala. Nyumbu akaja kumpongeza mzazi, akasimama mlangoni akisema "gudi moningi" jioni yote, na hakuna aliyemkatiza.

Hadithi yangu imefika nyumbani, wanangu, nanyi shikeni hili: mwenye kiu akikuomba, mpe maji kwanza, ulimi wake utaunyoosha baadaye.