Nukta Nyeupe Juu ya Rezista Nne

Hapo zamani, lakini si zamani za mababu, zamani za magari yenye kompyuta, palikuwa na gereji moja Makambako yenye sheria moja. Fundi akimaliza kazi yake, anachovya kijiti kwenye rangi na kuweka nukta nyeupe. Ukiona nukta nyeupe, kazi imekwisha. Huifungui. Huirudii. Huulizi. Kuuliza ni kumtukana mwenzako.

Siku moja dada mmoja, Tulizo, alileta gari aliloachiwa na marehemu baba yake. Alitaka kushindana katika mbio za vumbi, raundi nane kuzunguka uwanja wa maonyesho. Kaka yake, Ambele, angekaa garini pembeni yake amwangalizie walio nyuma. Huyu Ambele alikuwa fundi cherehani. Nusu ya watoto wa mji ule walikwenda shule wakiwa wamevaa mishono yake.

Tulizo alikuwa amenunua nozeli kubwa, zile zinazomwaga petroli nyingi. Fundi umeme, Mbwilo, akazipima, akaguna.

"Dada, hizi zinazuia umeme kidogo sana, omu mbili tu. Kontrol boksi, kompyuta ya gari hili, imezoea nozeli za omu kumi na mbili. Nikiziunga hivihivi zitavuta umeme mwingi mno, boksi itaungua."

"Sasa nifanyeje, fundi? Mbio ni keshokutwa."

"Kila nozeli naipa rezista yake ya omu sita. Umeme utapita humo kwanza, upungue, ndipo ufike kwenye nozeli. Ila rezista zitapata moto kweli kweli. Ukizigusa injini ikiwaka, unaacha ngozi. Zinataka upepo."

"Nimeelewa."

Mbwilo akafunga rezista nne za rangi ya dhahabu, kila moja kama kidole gumba, kwenye kipande cha alumini nyuma ya taa ya kushoto, panapopita upepo. Mpira wa petroli ulikuwa shibiri tatu kutoka pale. Alikusudia kuweka wavu wa chuma, na juu ya wavu aandike onyo. Simu ikaita: mteja amekwama barabarani. Mbwilo akawasha injini, ikanguruma vizuri. Akazima. Wavu ataweka akirudi. Akachovya kijiti. Nukta nyeupe.

Kesho yake akaja Kandonga, fundi bodi. Akaona tope limerukia mpaka nyuma ya taa. Akaona vitu vinne vya dhahabu viko wazi, nukta nyeupe kando yake. Akavigusa, vilikuwa baridi kama vijiko.

"Mbwilo naye! Vitu vizuri hivi anaviacha vilowe?"

Akakata sponji ya kiti kibovu, akavifunika, akazungusha tepu nyeusi mara tano. Kazi safi. Akachovya kijiti. Nukta nyeupe ya pili.

Mbwilo akarudi na wavu wake mkononi. Akakuta nukta ya pili juu ya tepu nyeusi. Ukiona nukta, huifungui. Akauweka wavu kwenye rafu.

Asubuhi ya mbio akaja Tulizo. Akafungua boneti, akahesabu nukta: mbili. Akaona kifurushi cheusi nyuma ya taa, akasema moyoni, mafundi wanajua. Akafunga boneti.

Raundi ya tano, Ambele akanusa.

"Tulizo, kuna harufu."

"Breki hizo, kaka."

Raundi ya sita, Ambele akanusa tena.

"Breki gani inanuka kama godoro linaloungua? Simama!"

"Tunaongoza, kaka! Raundi mbili tu. Mbili tu, nakuomba."

Raundi ya saba, boneti ikatoa moshi mweusi, na ndani ya moshi, ulimi wa moto.

Gari likasimama. Ambele akaruka nje. Tulizo alibaki ndani, mkanda umegoma kufunguka, anauvuta, hautoki. Ambele akainua boneti. Sponji ilikuwa inawaka, inadondoka matone, na moto unatambaa juu ya nyaya kuelekea mpira wa petroli. Shibiri tatu. Mbili. Moja.

Ambele akaingiza mikono yote miwili, akaing'oa sponji, akaitupa.

Sponji ilianguka. Lakini ile iliyoyeyuka haikuanguka. Ilibaki mikononi mwake, inawaka.

Watu wakammwagia mchanga, wakammwagia maji, wakazima na nyaya. Tulizo akachomoka kwenye mkanda, akamkimbilia, akasimama, akaona.

"Kaka. Mikono yako. Kaka, mikono!"

Ambele hakulia. Alikuwa anaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Daktari alisema wiki nane asishike kitu, hata kijiko. Shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Na pale dukani kwake sare arobaini na moja zilikuwa zimekatwa, hazijashonwa.

Tulizo na mafundi wote wawili wakaenda kumwona pale dukani, wakabaki wamesimama mlangoni.

"Naombeni msinipe pole tena," Ambele akasema. "Nina pole za kutosha. Nina cherehani moja na kiti kimoja. Aliyeniunguza akae pale wiki nane, nimwelekeze kwa mdomo, watoto wapate sare. Ni nani?"

Mbwilo akasema, "Mimi niliunga, sikufunika. Rezista zangu zilikuwa kwenye upepo. Nukta niliiweka kabla ya wavu, nakiri. Lakini je, wavu unawaka?"

Kandonga akasema, "Mimi nilifunika, sikuambiwa. Nukta ilisema kazi imekwisha! Ningejuaje kama vitu baridi vile vinachoma?"

"Ungeuliza!"

"Nikuulize wewe? Juzi nilikuuliza kuhusu taa ukaninunia siku tatu!"

Tulizo akasema kwa sauti ndogo, "Mimi niliendesha. Niliambiwa zinataka upepo, nikaona zimefungwa, nikaamini nukta. Na kaka aliniambia simama. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na mtungi wa kuzimia moto, miguuni pake."

Ambele akatikisa kichwa.

"Haukuwepo," Ambele akasema.

"Haukuwepo vipi, kaka?"

"Niliutoa asubuhi. Ulikuwa unanigonga goti. Niliuacha kwenye meza ya gereji." Akaitazama mikono yake iliyofungwa bendeji mpaka kwenye viwiko. "Nilidhani ni raundi nane tu."

Nje, mama mmoja alikuwa amefika na mtoto wake, anauliza kama sketi iko tayari.

Haya, ninyi mnaosikiliza. Yupo aliyeweka nukta kabla ya wakati, yupo aliyefunika bila kuuliza, yupo aliyeambiwa simama asisimame, na yupo aliyeuacha mtungi mezani, naye ameshalipa kwa mikono yake. Mama yuko mlangoni, kiti ni kimoja, kiko wazi. Je, nani akae?